Ritifaa ya Ng'apa na reli ya mnada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu alama kwenye anwani za wavuti

Msimu wa korosho ukifunguliwa, simu yangu haipoi. Katibu wa chama cha msingi anapiga kutoka Tandahimba: linki ya bei haifunguki. Mwongoza watalii wa Lindi anatuma picha ya skrini yenye %E2%80%99 na kuuliza kama amedukuliwa. Muuza korosho za kubangua anataka namba yake ya WhatsApp iwe linki. Nimejibu kwa mdomo miaka na miaka, sasa nimechoka kurudia, nimeandika. Kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati tovuti ndogondogo hapa Mtwara mjini, na kesi nyingi za "linki haifunguki" ninazoletewa huanzia kwenye alama moja ya uandishi iliyokaa pasipo pake.

Anwani zote za mifano hapa chini zinaishia na .example. Mwisho huo umetengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano tu, hauuzwi kwa mtu, kwa hiyo usihangaike kuzifungua.

Nimepakia faili linaloitwa "Bei Mnada wa 3 #Newala & Tandahimba.pdf". Kwangu linafunguka, wakulima wanaambiwa halipo. Kwa nini?

Kwako linafunguka kwa sababu unalifungua kutoka kwenye folda ya kompyuta yako. Wakulima wanalifuata kwenye seva, na njiani jina limekatwa mara mbili.

Kwanza nafasi. Ukibandika anwani hiyo kwenye kundi la WhatsApp, rangi ya bluu inaishia palipo na nafasi ya kwanza. Mkulima anabonyeza https://korosho.example/Bei na seva haina kitu kinachoitwa "Bei".

Tuseme amenakili mstari mzima kwa mkono akaubandika kwenye brauza. Hapo anakutana na reli. Kwenye menyu za simu tumezoea nyota mwanzo, reli mwisho: ukishabonyeza reli, maneno yamefungwa. Kwenye anwani ya wavuti nayo ni mpaka. Kila kilicho baada ya # hakitumwi kwa seva hata kidogo. Ni maelezo ya brauza yenyewe, yanayoiambia ishuke hadi sehemu fulani ya ukurasa. Kwa hiyo seva inaombwa "Bei Mnada wa 3", bila Newala, bila Tandahimba, bila .pdf. Inajibu kwamba halipo, na inasema kweli.

Alama ya & hapo haina kosa. Ingekuwa baada ya alama ya kuuliza ndipo ingeleta balaa, maana huko kazi yake ni kutenganisha taarifa moja na nyingine.

Dawa: badilisha jina kabla ya kupakia. bei-mnada-03-newala-tandahimba.pdf. Herufi ndogo, vistari, basi. Ukitaka reli na mbwembwe ziandike ndani ya waraka, huko hazimdhuru mtu.

Alama zipi ninaweza kutumia bila wasiwasi?

Herufi a mpaka z, kubwa na ndogo, tarakimu 0 mpaka 9, na alama nne: kistari (-), nukta (.), kistari cha chini (_) na kiwimbi (~). Jumla 66. Hizo kiwango cha anwani za wavuti kinaziita huru.

Kuna nyingine 18 zenye vyeo: : / ? # [ ] @ ! $ & ' ( ) * + , ; =. Hizo si haramu, ila kila moja inaweza kuwa na kazi mahali fulani. Ukiitaka kama herufi ya kawaida pale ambapo ina kazi, lazima uivalishe. Zilizobaki zote, nafasi ikiwemo, pamoja na herufi yoyote nje ya alfabeti ya Kiingereza, huvalishwa daima.

Kuivalisha maana yake nini? Hizo %20 zinatoka wapi?

Ni alama ya asilimia ikifuatiwa na tarakimu mbili za hesabu ya msingi wa kumi na sita, yaani 0 mpaka 9 kisha A mpaka F. Kila herufi ndani ya kompyuta ni namba. Nafasi ni 32, ambayo kwa msingi wa kumi na sita ni 20, hivyo %20. Reli ni %23, & ni %26, jumlisha ni %2B, mkwaju (/) ni %2F, alama ya kuuliza ni %3F. Asilimia yenyewe ni %25, maana nayo imepewa kazi.

Utaratibu huu si mpya. Umo kwenye waraka RFC 1738 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) wa Desemba 1994, ukarekebishwa 1998, na toleo linalotumika sasa ni RFC 3986 la Januari 2005, lililoandikwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Kiwimbi kwa mfano kilikuwa kinavalishwa zamani. Siku hizi kinatembea wazi.

Ukiona %2520, ujue kuna mtu kavalisha kilichokwisha valishwa. Nafasi ikawa %20, kisha programu ya pili ikaiona ile asilimia ikaigeuza %25. Ni kama kumfunga mtoto kanga mbili halafu kulalamika kwamba hapumui. Tafuta sehemu mbili kwenye programu yako zinazofanya kazi ileile, uondoe moja.

Nimeandika Ng'apa kwenye jina la ukurasa. Kwa simu yangu unafunguka, kwa mwenzangu haufunguki, na tumeandika neno lilelile. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana wenzetu wenye lugha zisizo na ng' hawalijui, na miongozo waliyoiandika hailigusi.

Hamkuandika neno lilelile. Mmeandika maneno mawili yanayofanana kwa macho. Ritifaa inayoonekana baada ya "Ng" inaweza kuwa moja kati ya hizi:

Ritifaa iliyonyooka ya kwenye kibodi, ' , ambayo ikivalishwa ni %27.
Ritifaa iliyopinda, ’ , ambayo Word huiweka yenyewe na kibodi ya iPhone nayo huiweka yenyewe usipoizima. Ikivalishwa ni %E2%80%99.
Ritifaa ya wanaisimu, ʼ , ambayo kwenye Yunikodi, orodha ya herufi za lugha zote kwenye kompyuta, inahesabiwa kuwa herufi na si alama ya uandishi. Ni %CA%BC.
Na wapo wanaobonyeza ile ya pembeni kabisa, ` , juu ya kitufe cha Tab. Hiyo ni %60.

Kwa msomaji zote ni Ng'apa ile ya Lindi inayojulikana kwa mradi wake wa maji. Kwa seva ni vijiji vinne tofauti. Uliyetengeneza ukurasa ulitumia laptopu, ikaweka iliyonyooka. Mwenzako akaandika kwa simu, ikaweka iliyopinda.

Usitegemee kwamba Yunikodi itawapatanisha. Ina utaratibu wake wa kusawazisha herufi, nitaufikia kwenye swali la Tendaguru, lakini utaratibu huo hauzigusi ritifaa hizi. Kwa sheria zake ni alama tofauti kweli, zitabaki tofauti.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata watengenezaji wa programu. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye zile 18 zenye vyeo. Kwa maandishi ya RFC 3986, alama yenye cheo ikiwa wazi na ikiwa imevalishwa si kitu kimoja. Maana yake /Ng'apa na /Ng%27apa ni anwani mbili kisheria, ingawa seva nyingi huzifungua na kukuta jina lilelile. Na brauza nayo ina tabia yake: ritifaa ikiwa kwenye njia, yaani sehemu ya anwani inayofuata jina la tovuti, inaiacha wazi, ikiwa baada ya alama ya kuuliza inaigeuza %27. Lugha za programu nazo hazisemi kwa sauti moja. Chukua Ng'apa uipitishe kwenye rawurlencode ya PHP au quote ya Python, utapata Ng%27apa. Ipitishe kwenye encodeURIComponent ya JavaScript, utapata Ng'apa, haijaguswa. Ukiwa na upande mmoja wa PHP na mwingine wa JavaScript, na unalinganisha anwani herufi kwa herufi, utalala macho.

Kwa hiyo niandike vipi? Ng-apa? Ngapa? Nang'oa ritifaa kwenye lugha yangu?

Kwenye kichwa cha habari, kwenye maandishi, kwenye jina la waraka linaloonekana na msomaji, andika Ng'apa kama inavyostahili. Ritifaa si pambo. Ngara ni wilaya kule Kagera, ng'ara ni amri ya kupendeza. Ngoa ni wivu, ng'oa ni kazi ya jembe. Anayeiondoa kwenye maandishi kwa sababu kompyuta inasumbua nitamkatalia mpaka kesho.

Kwenye anwani ni jambo jingine. Anwani ni kama namba ya ghala: haisomwi kwa lafudhi. Mimi naandika ngapa. Wapo wanaoandika ng-apa, siwapendi, maana kistari kinamfanya msomaji akate silabi mahali ambapo hatukati. WordPress nayo, ukiiachia itengeneze anwani kutokana na kichwa, inaitupa ritifaa na kukuachia ngapa. Tumekubaliana bila kukutana.

Ukiwa na kurasa mbili zinazogongana, Ngara ya Kagera na makala ya kung'ara kwa meno, ongeza neno la pili kwenye anwani. ngara-kagera. Hakuna haja ya ujanja zaidi.

Kwenye tovuti yetu, mtu akitafuta Ng'apa au Ng'ombe, ukurasa mzima unakufa na kuandika maneno ya ajabu kuhusu SQL.

Funga duka kwanza, halafu tuongee. Hiyo si hitilafu ya anwani, ni mlango ulio wazi.

SQL ni lugha ya kuulizia hifadhidata. Hifadhidata inapoulizwa, maneno ya mtafutaji huzungushiwa ritifaa pande zote mbili. Aliyeandika tovuti yenu amechukua neno la mtafutaji na kulibandika hapo katikati kama lilivyo. Mtu akiandika Ng'apa, hifadhidata inaona neno limeisha kwenye Ng, na "apa" iliyobaki inaisoma kama amri. Haielewi, inakufa. Mtu mwenye nia mbaya badala ya "apa" ataweka amri inayoeleweka: nionyeshe majina ya wakulima wote, au futa jedwali.

Kuvalisha %27 hakusaidii, maana seva inaivua kabla haijafika kwenye hifadhidata. Kinachotakiwa ni maswali yaliyoandaliwa kabla, yenye nafasi wazi, ambamo neno la mtafutaji linaingizwa kama data na haliwezi kugeuka amri. PHP, Python na nyinginezo zote zinayo.

Kuna ofisi moja niliyoiambia hivyo. Walichofanya ni kubandika tangazo juu ya kisanduku cha kutafutia: "Tafadhali usitumie alama ya ritifaa." Nilicheka, halafu nikakumbuka majina ya nani yamo humo ndani.

Kusawazisha anwani ni nini hasa?

Ni kuzileta anwani mbili kwenye umbo moja ili ujue kama ni moja au ni mbili. Chukua hii:

HTTPS://Korosho.Example:443/bei/../%6Dnada/./newala

Kwa RFC 3986, hiyo ni sawasawa na:

https://korosho.example/mnada/newala

Itifaki (ile https ya mwanzo) na jina la kikoa (korosho.example) havijali herufi kubwa, zinashushwa. 443 ndiyo bandari, yaani namba ya mlango wa seva, ya kawaida ya https, inaondolewa. %6D ni m iliyovalishwa bila sababu, inavuliwa. Nukta mbili zinamaanisha rudi nyuma folda moja, kwa hiyo "bei" na ".." vinafutana, nukta moja ni "papa hapa", inatoka. Na ukiwa na alama iliyovalishwa kwa herufi ndogo, kama %3a, inapandishwa kuwa %3A.

Waraka huo unapanga njia za kulinganisha kama ngazi. Ya chini kabisa ni kulinganisha herufi kwa herufi. Kisha unatumia kanuni za uandishi, kisha kanuni za itifaki husika, na juu kabisa ni kuifungua anwani uone inakupeleka wapi. Kila ngazi inagharimu zaidi.

Kilichonivutia ni busara iliyomo. Wanaruhusu ukosee upande mmoja tu: unaweza kusema anwani mbili ni tofauti kumbe ni moja, lakini usithubutu kusema ni moja kumbe ni mbili. Mtunza ghala yeyote wa stakabadhi anaielewa hiyo. Ukimuuliza mkulima mmoja mara mbili kama magunia ni yake, atakasirika kidogo. Ukichanganya magunia ya wakulima wawili kwa sababu majina yanafanana, hapo kikao hakiishi.

Ndiyo maana kuna mambo hupaswi kuyasawazisha kwa kubahatisha: mkwaju wa mwisho, www ya mwanzo, herufi kubwa kwenye njia, mpangilio wa vitu baada ya alama ya kuuliza. Huenda kwenye tovuti yako havibadilishi kitu. Kwa jirani vinabadilisha.

Kwa wanaoandika programu, angalizo moja la usalama: vua mara moja, sawazisha, ndipo ukague. Ukikagua kabla ya kuvua, mtu atakuletea %2e%2e%2f na kupita chini ya pua yako hadi kwenye folda isiyomhusu.

Picha zangu zote zilionekana kwenye laptopu. Nimepakia kwenye seva, nusu hazionekani.

Herufi kubwa na ndogo. Windows haijali kama ni Msimbati.JPG au msimbati.jpg. Seva nyingi za kukodi ni Linux, na kwake hayo ni mafaili mawili. Shusha yote yawe herufi ndogo, hata ule mkia wa JPG unaowekwa na kamera.

Naongoza watalii Lindi. Nina picha ya mifupa ya Tendaguru niliyoiita "Museum-für-Naturkunde.jpg". Kwenye Mac iko, kwenye seva haipo, na nimehakikisha herufi zote.

Naamini umehakikisha, mwalimu. Ila hiyo ü ina maumbo mawili.

Mijusi ile mikubwa ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, na jumba lililoihifadhi lina jina la Kijerumani lenye ü. Yunikodi inakubali uiandike ü kama herufi moja, ambayo ikivalishwa ni %C3%BC. Inakubali pia uiandike u ya kawaida, ikifuatiwa na alama ya nukta mbili inayopanda juu yake. Hiyo inakuwa u%CC%88. Kwenye skrini hutaona tofauti hata ukivaa miwani ya babu.

Kompyuta za Mac, kwa mfumo wao wa zamani wa kuhifadhi mafaili, zilikuwa zinalitenganisha jina lenyewe, yaani u na nukta zake mbali mbali. Kibodi yako ulipoandika linki iliweka herufi moja iliyokamilika. Seva ya Linux hailinganishi sura, inalinganisha baiti, yaani namba zilizo nyuma ya herufi. Haikuliona.

Hapa sasa usawazishaji wa Yunikodi unasaidia. Umbo linaloitwa NFC linaziunganisha, NFD linazitenganisha. Kwenye wavuti tumia NFC. Lakini brauza haikufanyii kazi hiyo kwenye njia ya anwani: inachukua ulichoandika, inakivalisha kwa UTF-8 (kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti), inakituma. Wanaofanya biashara ng'ambo ya Ruvuma wana tatizo hilohilo kwenye ç ya Moçambique.

Kwa wewe, mwalimu: tendaguru-berlin-01.jpg. Ü iweke kwenye maelezo chini ya picha.

Tunapanga taarifa kwa msimu. Msimu ni 2024/2025. Nikiuweka kwenye anwani unavunjika.

Mkwaju ni ukuta wa folda. /bei/2024/2025 inasomwa kuwa folda 2024 na ndani yake 2025. Utasema basi niivalishe iwe 2024%2F2025. Kiwango kinakuruhusu, ila seva ya Apache ikiwa na mipangilio yake ya kawaida inakataa mkwaju uliovalishwa kwenye njia na kujibu 404, yaani "halipo", kwa sababu za usalama. Andika 2024-2025.

Na hakikisha ni kistari cha kibodi. Ukinakili "Mtwara–Mikindani" kutoka kwenye waraka wa Word, mara nyingi katikati kuna kistari kirefu, na hicho kwenye anwani ni %E2%80%93. Ni ndugu wa ritifaa iliyopinda, baba mmoja.

Fomu yetu inatuma namba za simu. Tunaandika +255, inafika " 255". Jumlisha inakwenda wapi?

Imegeuka nafasi. Fomu za wavuti zina desturi yao ya kale: baada ya alama ya kuuliza, nafasi inaandikwa +, na anayepokea anaigeuza + kuwa nafasi. Desturi hiyo haimo kwenye RFC 3986, ni ya fomu peke yake, lakini kila seva inaifuata. Ukitaka jumlisha yenyewe, iandike %2B: ?simu=%2B255 kisha tarakimu nyingine.

Kwenye PHP, urlencode inaweka + penye nafasi, rawurlencode inaweka %20. Kwenye njia ya anwani tumia ya pili siku zote, maana huko + ni + na haigeuki kitu.

Linki ya kupiga simu ni habari nyingine: tel:+255 na tarakimu zake ni sahihi, jumlisha inabaki wazi.

Mimi nauza korosho za kubangua. Nataka mteja abonyeze aingie WhatsApp moja kwa moja.

Mama, andika https://wa.me/255 halafu tarakimu tisa za namba yako, ukiitoa sifuri ya mwanzo. Usiweke jumlisha, nafasi wala vistari. Ukitaka ujumbe uwe umeshaandikwa, ongeza ?text=Nahitaji%20korosho%20%26%20karanga. Ile %26 ndiyo &. Ukiiacha wazi, karanga hazitafika.

Naweza kuweka herufi za Kiarabu? Tuna nakala za maandishi ya zamani ya Kilwa.

Unaweza. Kilwa kwa herufi za Kiarabu, كلوة, ni herufi nne. Ukiinakili anwani kutoka kwenye brauza itatoka %D9%83%D9%84%D9%88%D8%A9, herufi 24. Haijaharibika, imevalishwa tu, kila herufi baiti mbili. RFC 3987 ya mwaka 2005 ndiyo iliyoweka kanuni za anwani za namna hii.

Kero ni mbili. Maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto ndani ya mstari unaotoka kushoto kwenda kulia, macho yanachanganyikiwa hasa palipo na namba. Na mtu akibandika kwenye SMS, anwani inakuwa ndefu kama treni. Lakini kwa nyaraka za Kilwa Kisiwani mimi ningevumilia. Mji ule uliandika Kiswahili kwa herufi hizo kabla ya sisi kuzaliwa, nayo anwani ibebe jina lake.

Naweza kusajili ng'apa.co.tz?

Hapana. Jina la kikoa linakubali herufi, tarakimu na kistari, na kistari kisiwe mwanzoni wala mwishoni. Kila kipande kati ya nukta na nukta hakizidi herufi 63.

Lugha zenye herufi nyingine hupitia mlango wa pembeni unaoitwa Punycode, wa mwaka 2003: jina linageuzwa kuwa herufi za kawaida zikitanguliwa na xn--. Ritifaa ya kibodi haimo humo.

Nilipata linki yenye jina la benki yangu kabisa, nikabonyeza, nimeibiwa. Ingewezekanaje jina liwe sahihi na tovuti iwe ya mwizi?

Pole sana, ndugu. Njia ni mbili, na zote ni za alama.

Ya kwanza ni @. Anwani kama https://benki.example@mwizi.example inaenda kwa mwizi. Kilicho kabla ya @ ni jina la mtumiaji tu, kama kwenye baruapepe. Macho yanasoma mwanzo, brauza inasoma mwisho.

Ya pili ni herufi za kigeni zenye sura za kwetu. Herufi а ya Kirusi na a yetu hazitofautiani kwa macho. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili xn--80ak6aa92e.com, na Chrome ya wakati huo ikaionyesha kama apple.com, pamoja na kufuli lake la usalama. Kosa hilo Chrome ikalirekebisha, ila kwenye ujumbe wa simu bado utaona sura badala ya xn--. Benki yako andika anwani yake mwenyewe kwa mkono, au tumia programu yake.

Nasoma kompyuta. RFC 3986 inasema hivi, brauza inafanya vile. Nifuate kipi?

Kuna viwango viwili hai. RFC 3986, na Kiwango cha URL cha WHATWG, kundi lililoundwa 2004, ambalo linaandika kile ambacho brauza zinafanya kweli. Havipatani kila mahali. Brauza inakubali \ na kuihesabu kuwa /. Inafuta mapumziko ya mstari yaliyoingia katikati ya anwani. Inashughulikia %2e kama nukta. Lakini haiivui ile %6D ya mfano wangu wa juu, na haipandishi %3a kuwa %3A.

Jibu langu: unapoandika anwani, fuata RFC 3986 kwa ukali. Unapopokea anwani kutoka kwa watu, isome kwa kanuni za WHATWG, maana watu wanatoka kwenye brauza. Na ndani ya programu moja usitumie visomaji viwili. Kimoja kikikagua kwamba anwani ni salama na kingine kikaenda kuifungua, tofauti kati yao ndiyo njia ya mwizi.

Nimeshasambaza anwani mbaya msimu mzima. Nikibadilisha majina sasa si nitawapoteza watu?

Utawapoteza usipoweka uelekezaji wa 301, yaani wa kudumu, kutoka jina la zamani kwenda jipya. Weka, uuache hapo miaka. Ukurasa ukiwa na anwani kadhaa zinazofunguka, weka ndani yake tamko la canonical likitaja ile moja unayoitaka, mitambo ya utafutaji itaifuata.

Tunatuma linki kwa SMS kwa wanachama. Kwa nini gharama iliongezeka ghafla?

Angalia ritifaa. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya orodha ya GSM, yaani herufi za kawaida za mitandao ya simu, ujumbe mzima unabadilishiwa mtindo na nafasi inashuka hadi 70. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha. Iliyopinda haimo. Mtu kaandika "ng’ombe" kwenye Word, akanakili, mkalipa SMS mbili au tatu kwa kila mwanachama.

Nachapisha QR kwenye vifungashio vya korosho. Kuna cha kuangalia?

QR ina mtindo mwembamba unaobeba tarakimu, herufi kubwa, nafasi na alama $ % * + - . / : peke yake. Anwani ikiandikwa HTTPS://KOROSHO.EXAMPLE yote kwa herufi kubwa, mchoro unakuwa na visanduku vichache na simu ya bei nafuu inausoma haraka, hata kifungashio kikikunjamana. Jina la kikoa halijali herufi kubwa, kwa hiyo hakuna kinachoharibika. Ukiongeza njia, kwa mfano /P1, hakikisha seva ina P1 kwa herufi kubwa. Alama ya kuuliza haimo kwenye mtindo huo. Ukiiweka, mchoro unarudi kuwa mnene.

Kabla ya kwenda kwa mchapaji, toa nakala moja kwenye karatasi, ikunje, ipake mafuta kidogo kama yatakavyokuwa dukani, uisome kwa simu mbili tofauti.